Jina Si Ufunguo

Ukibisha hodi kwenye nyumba ya Waswahili, wa ndani huuliza, "Nani?" Na wa nje, mara nyingi, hujibu, "Mimi." Asiyezizoea desturi zetu atacheka, maana kila mtu duniani ni "mimi." Lakini mlango hufunguliwa, kwa sababu aliye ndani hakuwa anasubiri jina. Alikuwa anasubiri sauti. Jina anaweza kulitaja yeyote aliyelisikia sokoni; sauti ya mtoto wa nyumbani ni vigumu kuiazima.

Kompyuta hazina sauti. Mashine moja inapobisha hodi kwa nyingine, kinachofika ni mfululizo wa sifuri na moja, na sifuri ya tapeli haina lafudhi tofauti na sifuri ya mwenye mali. Kwa hiyo wahandisi walizipa mashine majina ya namba. Makala haya ni historia ya majina hayo: yalivyoanza kwa nia ya kawaida kabisa, yalivyokuja kugeuzwa funguo za maghala ya data pasipo mtu kukaa chini na kuamua hivyo, na nani anayelipa gharama pale jina linapofanywa ufunguo.

Akina Juma wa Palo Alto

Mei 22, 1973, Bob Metcalfe, mhandisi wa maabara ya Xerox PARC huko Palo Alto, California, aliandika waraka wa ndani ukieleza namna ya kuunganisha kompyuta za ofisini kwa waya mmoja. Mfumo huo akauita Ethernet. Yeye na David Boggs waliujenga, na kila kompyuta ikapewa namba ya biti 8. Biti 8 hutoa namba 256 tu, lakini kwa jengo moja zilitosha na kubaki. Aliyefunga mashine ndiye aliyeipangia namba, akihakikisha tu kwamba jirani hana namba hiyo hiyo.

Tabu ilikuja pale mitandao ilipotaka kuungana. Ofisi hii ina kompyuta namba 12, na ofisi ile nayo ina namba 12. Ujumbe wa namba 12 uende wapi? Ni shida ya darasa lenye akina Juma watano: mwalimu akiita, ama wanainuka wote ama hainuki hata mmoja.

Septemba 1980, kampuni za Digital, Intel na Xerox zilitoa kiwango cha pamoja cha Ethernet, na humo namba ilikuwa imekua hadi biti 48. Mwaka uliofuata, Yogen Dalal na Robert Printis walichapisha maelezo ya sababu zake. Hoja yao ilikuwa kwamba kila mashine ipewe namba isiyorudiwa popote duniani, ambayo itabaki nayo hata ikihamishwa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Biti 48 zinatoa namba zaidi ya trilioni 281. Ili zisigongane, nusu ya kwanza ya namba hutambulisha kampuni, na nusu ya pili kampuni yenyewe huigawa, kadi baada ya kadi. Kila fungu lina namba 16,777,216. Mwanzoni Xerox ndiyo iliyogawa mafungu hayo, kisha kazi ikahamia IEEE, taasisi ya wahandisi wa umeme na elektroniki. Ndiyo anwani ya MAC iliyomo ndani ya simu yako na ndani ya kompyuta yako leo.

Liangalie vizuri swali walilokuwa wanalijibu. Waliuliza: tutazitofautishaje mashine mbili? Hawakuuliza: tutajuaje kwamba mashine haisemi uongo? Hilo halikuwa somo lao. Wala namba hiyo haikuwa imechongwa kwenye jiwe, kama watu walivyokuja kuamini. Katika miaka ile ile ya 1980, mfumo wa DECnet wa kampuni ya Digital ulikuwa ukiiweka kando anwani ya kiwandani na kuweka ya kwake, iliyoanza na AA-00-04-00, kwa sababu ilirahisisha kazi. Hata viwango vya IEEE vilitenga biti moja ya kuonyesha kwamba anwani hii imepangwa na msimamizi wa mtandao, si na kiwanda. Kubadili jina hakukuwa hila ya wadukuzi. Kulikuwa haki iliyoandikwa kwenye katiba ya mtandao.

Mbuzi wa zizi moja

Hadi katikati ya miaka ya 1990, diski nyingi za seva zilikuwa na bwana mmoja. Diski iliunganishwa na seva yake kwa kebo ya SCSI, ambayo hata ile ndefu haikuzidi mita 25. Ulinzi ulikuwa wa kushikika kwa mkono: asiyeifikia kebo haifikii diski. Ni kama mbuzi aliyefungwa kwenye mwembe uani kwa mwenyewe. Hana haja ya kuandikwa jina.

Utaratibu huo ulikuwa na hasara zake. Seva moja diski zake zimejaa, ya pili ziko nusu tupu, na hazikopeshani. Seva ikifa, data yake inabaki imekwama nyuma ya maiti. Kazi ya kutafuta njia nyingine ilianza mwaka 1988, na mwaka 1994 shirika la viwango la Marekani, ANSI, likapitisha kiwango cha msingi cha teknolojia iitwayo Fibre Channel. Kwa nyuzi za kioo, seva na diski ziliweza kuwa mbali kwa kilometa 10. Diski zikakusanywa ndani ya makabati makubwa, na seva nyingi zikazifikia kupitia swichi. Huo ndio mtandao wa hifadhi. Wengi wetu hatujawahi kuuona, lakini katika benki na hospitali kubwa, na katika kampuni za simu, huko ndiko rekodi zinakolala.

Sasa mbuzi wote wamo kwenye zizi moja. Nani amchukue yupi? Mifumo endeshi ya wakati ule ilikuwa imezoea diski ya bwana mmoja. Seva ya Windows NT ilipoona diski, iliichukulia kuwa yake na ilikuwa tayari kuiandikia alama, hata kama ndani yake mlikuwa na data ya seva nyingine kabisa. Ajali ya namna hiyo haihitaji mwizi. Inahitaji tu seva mpya na asubuhi moja yenye haraka.

Njia mbili zikatumika kuzuia ajali hizo. Ya kwanza ilikuwa kwenye swichi: seva na makabati yaligawanywa katika kanda, ili aliye kanda hii asimwone wa kanda ile. Ya pili ilikuwa kwenye kabati lenyewe: kila diski iliwekewa orodha ya seva zinazoruhusiwa kuiona, na kwa wengine wote ikawa kana kwamba haipo. Lakini orodha inahitaji majina. Seva zitatajwaje?

Jina lilikuwepo tayari. Kila kadi ya Fibre Channel hutoka kiwandani na namba ya biti 64 iitwayo WWN, maana yake Jina la Dunia Nzima. Ndani yake mna namba ile ile ya kampuni inayogawiwa na IEEE. Ni mjukuu halali wa wazo la Xerox. Kadi inapochomekwa, hutuma kwanza ujumbe wa kujisajili kwa swichi ukiwa na jina hilo. Swichi huiandika, huipa anwani ya muda ya biti 24, na shughuli zinaanza. Kabati nalo hutazama orodha yake: jina hili linaruhusiwa diski namba 7. Basi, diski namba 7 hiyo hapo. Hakuna nywila. Hakuna anayesema, "Thibitisha."

Tusiwacheke waliojenga hivyo. Mtandao wenyewe ulikuwa ndani ya chumba kilichofungwa, vifaa vyake vilikuwa ghali, na waliovielewa walikuwa wachache. Zaidi ya yote, walikuwa wanazuia ajali. Ua wa miti unatosha kumzuia mbuzi asipotee. Kosa lilikuja baadaye, taratibu, pale ua ule ule ulipoanza kuhesabiwa kuwa ni ukuta wa kuzuia mwizi. Ukiuliza ni nini kinailinda data ya wagonjwa isisomwe na seva isiyohusika, unajibiwa: tuna kanda. Na kanda zinasimama juu ya nini? Juu ya majina.

Jina linavyoazimwa

Jina la kadi ya Fibre Channel huhifadhiwa kwenye kumbukumbu inayoweza kuandikwa upya, na zana za watengenezaji wenyewe ziliweza kulibadili. Wala halikuwa siri. Lilichapishwa kwenye lebo ya kadi, lilionekana kwenye skrini ya swichi, na lilinakiliwa kwenye majedwali ambayo wasimamizi walitumiana kwa barua pepe. Kitu kinachojulikana na kila mtu, na kinachoweza kubadilishwa na yeyote mwenye mamlaka juu ya seva, ndicho kilichokuwa kinaamua nani asome nini.

Tuseme hospitali ina seva mbili kwenye mtandao mmoja wa hifadhi. Moja inaendesha tovuti ya matangazo, nyingine inaweka rekodi za wagonjwa. Mdukuzi anaingia kwenye ile ya tovuti, kwa sababu ndiyo inayotazama barabarani. Akishika usukani wa seva, anaipa kadi yake jina la seva ya rekodi. Ikiwa mwenye jina yuko mtandaoni, majina mawili yanagongana, na mgongano huo peke yake unaweza kuiangusha huduma. Ikiwa mwenye jina amezimwa kwa matengenezo, kabati linamkaribisha mgeni kama mwenyeji. Halijadanganywa kwa ustadi wowote. Liliuliza jina, likatajiwa jina.

Kanda nazo zilikuwa na udhaifu wao. Katika utekelezaji wa awali, kanda nyingi zilikuwa laini: swichi ilikataa tu kukutajia anwani za majirani wasio wa kanda yako, lakini ukiijua anwani, au ukiibahatisha, ujumbe wako ulipitishwa. Ni sawa na kuifuta nyumba kwenye ramani na kuuacha mlango wazi. Swichi za baadaye zilianza kuzuia ujumbe wenyewe, na hapo kanda ikawa na meno, ingawa bado iliuliza jina.

Mwaka 2005 Himanshu Dwivedi, mtaalamu wa usalama nchini Marekani, alitoa kitabu kiitwacho Securing Storage, kilichozikusanya mbinu za namna hii. Hoja ya kwamba chumba kimefungwa ilikuwa imeshazeeka. Seva ina milango miwili: mmoja unaelekea intaneti, wa pili unaelekea kabati la diski. Anayeingia kwa mlango wa mbele hahitaji ufunguo wa chumba; tayari yumo ndani.

Dawa ilipatikana. Kiwango cha usalama cha Fibre Channel, FC-SP, kilichapishwa mwaka 2007. Humo mna utaratibu ambao swichi haitosheki na jina. Hutoa fumbo jipya kila mara, na kadi hutakiwa kulijibu kwa kutumia siri inayoshirikiana na swichi, bila kuitaja siri yenyewe. Ukisikiliza mazungumzo hayo waya mzima, unaondoka na jibu la fumbo ambalo halitaulizwa tena. Hiyo ndiyo sauti ya mtoto wa nyumbani.

Hata hivyo, katika vituo vingi utaratibu huo ulibaki haujawashwa. Siri zinahitaji kutunzwa, kubadilishwa na kuandikwa mahali. Pande zote mbili lazima ziuelewe. Na siri ikikosewa usiku wa manane, diski hazionekani na simu ya msimamizi inalia. Jina halina usumbufu huo. Wengi walichagua njia ya kati, ya kulifunga jina na tundu moja maalumu la swichi, ili jina likisikika kutoka tundu jingine likataliwe. Inasaidia, mradi tu seva zisihamehame.

Nazo zikaanza kuhamahama. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 zilikuja bidhaa kama Virtual Connect ya HP, na mwaka 2009 Cisco ikaleta UCS. Humo jina halitoki kiwandani tena. Linachotwa kwenye hazina ya majina na kuvikwa seva. Seva ikifa usiku, nyingine inavishwa jina lile lile, na kabati la diski halijui kwamba kuna aliyefariki. Kitendo ambacho wataalamu wa usalama walikiita udanganyifu kikawa huduma ya kulipia, na huduma nzuri kweli kweli. Lakini baada ya hapo, kusema kwamba jina limefungamana na chuma, na kwamba chuma hakidanganyi, kukawa ni kujipa moyo tu.

Nyota, reli, sufuri sita, reli

Kama mitandao ya hifadhi iko mbali na maisha yako, ishike simu yako na upige *#06#. Zitatokea tarakimu 15 za IMEI: 8 za mwanzo zinataja aina ya simu, 6 zinazofuata ni za simu hiyo moja, na ya mwisho ni ya ukaguzi. Tarakimu ya ukaguzi hugundua aliyekosea kuandika. Haigundui anayesema uongo.

Afrika Mashariki tunaijua namba hii kwa sababu ilitumika kama sheria. Mwishoni mwa Septemba 2012, Kenya ilizima simu zaidi ya milioni moja zilizohesabiwa kuwa bandia. Tanzania, ambayo Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ilikuwa imeagiza rajisi ya namba hizo, ilifanya vivyo hivyo usiku wa Juni 16, 2016. Kabla ya hapo TCRA iliwahimiza wananchi kwa miezi wapige *#06# na kuhakiki simu zao. Sababu zilizotolewa zilikuwa za maana: wizi, uhalifu, na simu zisizo na viwango.

Lakini mtambo hauioni simu. Unaisikia namba. Simu bandia iliyonakiliwa namba halali ya simu nyingine inapita, kwa sababu jina lake liko kwenye orodha. Mama lishe aliyenunua simu dukani kwa pesa yake, bila kujua kwamba namba yake ni ya kubuni, anaamka asubuhi hana mawasiliano. Ni mtambo ule ule wa kabati la diski: orodha, jina na uamuzi. Uingereza ililiona hili mapema, na mwaka 2002 ikatunga sheria mahsusi inayofanya kubadili IMEI kuwa kosa la jinai. Hakuna bunge linalotunga sheria ya kukataza jambo lisilowezekana.

Ajabu ni kwamba ndani ya simu hiyo hiyo mna kitu kilichojengwa kwa fikra nyingine. Tangu mtandao wa kwanza wa kibiashara wa GSM ulipowashwa Finland mwaka 1991, laini ya simu imekuwa ikibeba siri ya biti 128 isiyotoka nje ya kadi. Mtandao hutuma namba ya kubahatisha, kadi huichanganya na siri yake, na jibu hulinganishwa. Ndiyo fumbo lile la FC-SP, miaka 16 kabla. Mwaka 1998 watafiti huko California walionyesha kwamba kanuni iliyotumiwa na mitandao mingi, COMP128, ilikuwa dhaifu kiasi cha siri kuchomolewa na laini kunakiliwa. Siri nayo inaweza kujengwa vibaya. Tofauti ni kwamba kanuni mbovu ilibadilishwa kwenye kadi mpya, na laini zikaendelea kuaminika. Jina huwezi kulitengeneza hivyo, kwa sababu kazi yake ni kutajwa.

Wezi waliielewa tofauti hii vizuri kuliko wengi wetu. Hawahangaiki tena kuchomoa siri kwenye laini. Mtu huenda kwa wakala, anasema laini imepotea, anataja majina matatu, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho, na pale ambapo mhudumu anaridhika na hayo, anaondoka na laini mpya yenye siri mpya halali. Dakika chache baadaye pesa zilizokuwa kwenye simu ya mwenyewe zimehama. Hesabu za biti 128 hazikuvunjwa. Zilizungukwa, kwa sababu mbele yao kulikuwa na dirisha linalouliza, "Wewe ni nani?" na kuridhika na jibu.

Kwa hiyo swali la akina Dalal na Printis bado ni swali zuri, na jibu lao bado linatumika kila sekunde. Mashine zinahitaji majina ili ujumbe ufike. Lakini unapoambiwa kwamba mfumo fulani unatunza faili lako la hospitali au akiba yako kwa usalama, uliza unachoomba mlangoni: jina, au ushahidi? Na kama ni jina, hesabu ni nani mwingine anayelijua. Namba ya kitambulisho chako imeandikwa kwenye daftari la mlinzi getini, kwenye fomu ya kupangisha chumba, na kwenye nakala iliyoharibika ambayo kijana wa steshenari aliitupa kwenye ndoo chini ya mashine yake.